Ajali ya Umeme wa Mafuriko Ina Kinga

Hapana methali inayotumiwa vibaya katika nchi hii kama ile isemayo kuwa ajali haina kinga. Wahenga waliitunga ili kumfariji mtu aliyefikwa na msiba ambao akili ya binadamu haikuweza kuuona mbele. Hawakuitunga iwe ngao ya mzembe. Lakini leo kila mvua kubwa inaponyesha, maji yakaingia majumbani, maofisini na madarasani, na mtu akashika swichi akafa, wenye dhamana huikimbilia methali hiyo, husikitika kwa siku tatu, kisha hurudi katika shughuli zao. Ubao wa umeme uliomwua marehemu hubaki pale pale ukutani, ukingoja mvua nyingine na maiti mwingine.

Mauti ya namna hiyo si ajali. Ni matokeo ya jambo linalojulikana, lililoachwa lifanyike na watu wanaojulikana, katika miezi inayojulikana. Masika huja kati ya Machi na Mei. Vuli huja kati ya Oktoba na Desemba. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri kabla ya kila msimu, na mwaka 2023 ilitahadharisha mapema kuhusu El Niño. Mtu aliyepewa kalenda, akapewa na tahadhari, kisha akasema ameshtukizwa, hana haki ya kuitumia methali ya wahenga.

Misiba yenyewe haihitaji kukumbushwa kwa maneno mengi. Mvua za Desemba 2011 ziliua watu wapatao 40 katika Jiji la Dar es Salaam, na kaya nyingi za bonde la Msimbazi zikahamishiwa Mabwepande. Mwezi Aprili 2024, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliliarifu Bunge kwamba watu 155 walikuwa wamekwisha kupoteza maisha katika mvua za msimu ule, na zaidi ya 200,000 walikuwa wameathirika. Baada ya kila msiba taifa limezungumza juu ya madaraja, mitaro, takataka na ujenzi wa mabondeni. Yote hayo ni ya lazima. Lakini juu ya meinswichi kuukuu zilizozama ndani ya maji yale, zikakauka, kisha zikawashwa tena kama kwamba hapana lililotokea, maneno yamekuwa machache mno.

Sababu ya kimya hicho ni nyepesi. Maji huonekana; umeme uliomo ndani ya maji hauonekani. Nyumba iliyobomoka hupigwa picha; fyuzi iliyooza ndani haina sura ya kupigwa picha. Adui asiyeonekana ndiye anayestahili kupigwa vita kwanza, kwa kuwa anayeonekana kila mtu humkimbia.

Urithi wa mbao kuukuu

Mwananchi anayetaka kuuona ubaya huu hana haja ya kwenda mbali. Na aingie katika nyumba yo yote ya zamani ya Kariakoo, Ilala au Magomeni, au katika ofisi ya serikali iliyojengwa katika miaka ya 1950 au 1960, au katika shule ya sekondari iliyokwisha kusomesha vizazi vitatu. Ataukuta ubao wa mti umepigiliwa ukutani, mara nyingi chini ya ngazi, nyuma ya mlango wa stoo, au barazani mvua inaporushia. Juu ya ubao huo pana swichi kuu ya chuma yenye kutu, na fyuzi za kauri ambazo waya wake hubadilishwa kwa mkono. Kando yake imebandikwa mita ya Luku, ngeni, safi, yenye taa ndogo inayometameta, mfano wa kilemba kipya juu ya kichwa cha mgonjwa.

Wengi hudanganywa na mita hiyo. Huona kwamba maadamu kifaa cha kisasa kimefika nyumbani, basi umeme wa nyumba nzima umekuwa wa kisasa. Mita ya Luku iliwekwa ili kuhesabu na kulipisha. Haikuwekwa ili kugundua umeme unaovujia katika maji na katika mwili wa mtu. Kazi hiyo ni ya ubao ulio nyuma yake, na ubao huo ni wa enzi ya babu.

Tena ubao huo, hata kama ulipopigiliwa ulikuwa juu ya kutosha, leo hauko juu tena. Barabara za mijini zimetengenezwa mara nyingi, kila mara kifusi na lami juu ya lami, hata nyumba zilizokuwa juu ya barabara zimekuwa chini yake. Mifereji imejaa mchanga. Mito imeinua vitanda vyake kwa tope na takataka. Ukuta haukusogea, ubao haukusogea. Ni maji yaliyopanda. Fundi wa mwaka 1958 hakukosea alipopima kimo chake. Amekosea mwenye jengo wa leo ambaye ameyaona maji yakifika kiunoni, akapaka rangi juu ya alama ya tope, asiusogeze ubao.

Hesabu ya darasa

Wapo wanaojifariji kwa kusema, "Fyuzi ipo, itakata." Maneno haya yamewaua watu, na ni wajibu wa kila mwalimu wa Fizikia kuyavunja mbele ya wanafunzi wake kwa hesabu ndogo isiyozidi mistari mitatu.

Umeme wa majumbani katika nchi hii ni wa volti 230. Mwili wa mtu aliyelowa, aliyesimama pekupeku ndani ya maji, unaweza kuwa na ukinzani wa omu 1,000 au pungufu. Volti 230 zikigawanywa kwa omu 1,000 hupatikana miliampea 230, yaani chini ya robo ya ampea moja. Kiasi hicho ni kikubwa mno kwa moyo wa binadamu. Miliampea 30 peke yake, zikipita kifuani kwa muda, ni hatari. Na zinapokaribia 100 moyo huweza kuacha kupiga kwa mpango na kuanza kutetemeka tu, usisukume damu. Mtu hufa kwa dakika chache.

Sasa fyuzi ya meinswichi ni ya ampea ngapi? Ni 30, au 60. Fyuzi ya ampea 60 haiwezi kukatika kwa robo ya ampea. Itakaa kimya, imetulia, huku mtu akifa. Nayo haina kosa, kwa sababu fyuzi haikubuniwa ili kulinda roho ya mtu. Ilibuniwa ili kulinda waya usiungue. Kati ya umeme unaoikata fyuzi ya ampea 30 na umeme unaoweza kumdhuru binadamu pana tofauti ya mara elfu moja. Katika pengo hilo la mara elfu moja ndimo watu wanamozikwa.

Kifaa cha kuliziba pengo hilo kipo. Ni swichi inayopima umeme unaotoka na umeme unaorudi. Ikiona kwamba unaorudi umepungua kwa miliampea 30, hutambua kuwa uliobaki unavuja mahali, pengine katika mwili wa mtu, nayo hukata kwa sehemu ndogo ya sekunde. Mafundi wanaijua, na madukani inauzwa. Lakini katika majengo ya zamani haipo, kwa kuwa yalipojengwa haikuwa desturi, na tangu hapo hapana aliyejisumbua kuitia.

Tena hata fyuzi yenyewe haikuachwa salama. Inapokatika mara mbili au tatu, badala ya kutafuta sababu, mtu huchukua waya mnene, au msumari, au kipande cha shaba, akakishindilia mahali pa fyuzi. Taa huwaka, watu hushangilia, fundi hulipwa. Hapo meinswichi imekwisha kuwa jina tu. Afanyaye hivyo mara nyingi ni kishoka, mtu asiye na leseni wala ujuzi, ambaye kazi yake ni kuwasha na kuondoka. Kishoka halaumiwi peke yake. Aliyemwita ni nani? Mara nyingi ni mwenye nyumba mwenye uwezo, au mkuu wa ofisi aliyetaka kukwepa karatasi mbili za maombi.

Baada ya maji kupungua

Hatari kubwa kuliko zote hudhaniwa kuwa ni wakati maji yamejaa. Ni kweli kwamba wakati huo ni wa kutisha. Maji ya mafuriko yamechanganyika na chumvi, tope na uchafu wa vyoo, nayo hupitisha umeme vizuri kuliko maji safi ya mvua. Mtu hutembea chumbani maji yakiwa magotini, hajui kwamba soketi iliyozama imeyatia umeme maji yote yaliyo karibu nayo. Akianguka, ndugu yake humkimbilia ili amwinue, naye akaanguka juu yake. Hivyo huruma yenyewe hugeuka mtego, na nyumba moja hutoa majeneza mawili.

Lakini hatari nyingine huanza jua linapowaka. Maji yametoka, godoro limeanikwa, vitabu vimetandazwa mkekani, na watu wamechoka kukaa gizani. Mwenye nyumba hufungua meinswichi, huipangusa kwa kitambaa, huiacha ikae siku mbili, kisha huiwasha. Ikiwaka, husema, "Imepona." Hapana neno la hatari kuliko hilo katika ufundi wa umeme. Chuma na shaba havina dawa ya kupona.

Maji yaliyoingia ndani ya sakiti breka huacha tope laini na chumvi mahali ambapo kitambaa hakifiki. Springi huanza kula kutu. Grisi iliyowekwa kiwandani ili kulainisha mitambo midogo ya ndani huoshwa. Shaba hugeuka kijani mahali inapogusana, ikawa haigusani sawasawa, ikaanza kupata moto. Kwa nje breka ni safi na inawasha taa kama kawaida. Siku inapotakiwa kukata, baada ya wiki mbili au miezi mitatu, haikati. Huo ndio moto uzukao usiku katika nyumba iliyosahau kwamba iliwahi kuzama, na asubuhi watu husema sababu yake ni "hitilafu ya umeme", kama kwamba hitilafu hiyo ilishuka kutoka mbinguni.

Jambo hili si uzushi wa waoga. Chama cha watengenezaji wa vifaa vya umeme cha Marekani, NEMA, ambacho wanachama wake ndio wanaoviunda vifaa hivyo na kuvijua ndani na nje, kimetoa mwongozo kuhusu vifaa vilivyoingiwa na maji. Kinaagiza kwamba fyuzi, sakiti breka za kawaida na swichi za kugundua uvujaji zikizama zisikaushwe wala kukarabatiwa. Zitupwe, ziwekwe mpya. Waya nao, hasa ule wa zamani wenye kihami cha mpira na kitambaa, hauna budi kupimwa na fundi, na usiofaa ung'olewe.

Kama watengenezaji wenyewe wanasema kifaa chao hakifai tena, mhasibu wa ofisi anapata wapi elimu ya kusema bado kinafaa?

Mafunzo ya mataifa tajiri

Wapo watakaosema kwamba haya ni matatizo ya umaskini, na kwamba nchi itakapotajirika yatakwisha yenyewe. Historia inawakanusha.

Tarehe 11 Machi 2011, mawimbi makubwa ya bahari yaliyotokana na tetemeko la ardhi yalikipiga kituo cha nyuklia cha Fukushima Daiichi nchini Japani. Ulimwengu mzima unakumbuka kwamba jenereta za dharura zilizama. Jambo ambalo wengi hawalikumbuki ni kwamba si zote zilizozama. Baadhi ya jenereta zilikuwa zimewekwa mahali pa juu zaidi, nazo hazikuharibika. Lakini mbao za umeme zilizotakiwa kuupokea umeme wa jenereta hizo na kuugawa zilikuwa chini, katika vyumba vya ardhini, na maji yakazifunika. Jenereta ikawa nzima, umeme ukakosa njia. Mahali pamoja tu, katika mtambo wa sita, jenereta ilisalimika pamoja na ubao wake. Umeme huo mmoja ukaiokoa mitambo miwili, wa tano na wa sita. Katika mitambo mitatu mingine viini viliyeyuka. Taifa lenye wahandisi hodari kuliko mataifa mengi duniani lilipata hasara ile, pamoja na sababu nyingine, kwa kuwa mbao za umeme ziliwekwa chini mno.

Mwaka uliofuata, mwezi Oktoba 2012, tufani iliyoitwa Sandy iliusukuma mji wa New York maji ya bahari. Katika kitongoji cha Breezy Point maji ya chumvi yalizifikia nyaya za umeme za nyumba moja, moto ukawaka, na kwa msaada wa upepo ukateketeza zaidi ya nyumba 100, katikati ya gharika. Nyumba zilizama na kuungua katika usiku mmoja.

Basi si utajiri unaomwokoa mtu. Kinachomwokoa ni kimo cha ubao, na uamuzi wa kuupandisha kabla maji hayajaja. Uamuzi huo hauuzwi kwa fedha za kigeni.

Visingizio vinne

Kila jambo hili linapotajwa katika vikao husikika visingizio vinne, na inafaa kila kimoja kijibiwe.

Cha kwanza ni kwamba watu wa mabondeni wahame, na wakihama tatizo litakuwa limekwisha. Kuhama ni jambo jema pale linapowezekana, na mradi wa Bonde la Msimbazi, uliopata mkopo wa dola milioni 200 kutoka Benki ya Dunia mwaka 2022, umekusudiwa kulibadili bonde lile. Lakini mafuriko hayakai bondeni peke yake. Huingia katika maduka ya mjini, katika zahanati, katika mahakama za mwanzo, katika vyumba vya chini vya maghorofa. Hata karakana ya mabasi ya mwendokasi, mali ya umma iliyojengwa katika miaka ya karibuni na wataalamu wenye ramani mikononi, iliwekwa Jangwani, na maji yameifikia mara kwa mara. Basi asimcheke maskini aliyejenga bondeni yule ambaye ofisi yake nayo iko bondeni.

Cha pili ni kwamba hakuna fungu. Kisingizio hiki kingekuwa na uzito kama kisingetolewa katika vyumba vyenye mapazia mapya na viti vya kuzunguka. Kupandisha ubao wa umeme kutoka kimo cha goti hadi kimo cha kichwa ni kazi ya mita chache za waya, mabomba, breka mpya na siku moja au mbili za fundi. Kuweka swichi ya kugundua uvujaji ni kazi ya saa chache. Jengo linalopata fedha za kuweka viyoyozi vipya juu ya ubao uliooza haliwezi kudai kuwa limekosa fungu. Limekosa utaratibu wa kutanguliza lililo muhimu.

Cha tatu ni kwamba hilo ni jukumu la shirika la umeme. Hapana budi ukweli usemwe hapa, hata kama utawaudhi wengi. Shirika hufikisha umeme mpaka kwenye mita. Waya, fyuzi, ubao na soketi zilizo ndani ya jengo ni mali na dhamana ya mwenye jengo. Nyumba hukaguliwa siku ya kuunganishwa umeme; baada ya siku hiyo mara nyingi hakuna anayerudi. Miaka 50 hupita, wapangaji hubadilika, vyumba huongezwa, friji na pasi na feni hupachikwa juu ya nyaya zilizokusudiwa taa tatu, na karatasi ya ukaguzi wa siku ile ya kwanza hubaki ndiyo ushahidi pekee kwamba nyumba ni salama. Gari hukaguliwa, nyama hukaguliwa, mizani ya muuza duka hukaguliwa. Kitu kiwezacho kuua familia nzima usingizini hukaguliwa mara moja katika maisha yake.

Cha nne ni kwamba mpangaji ajitunze mwenyewe. Hiki ndicho kibaya kuliko vyote, kwa kuwa kinamtwika mzigo mtu asiye na mikono ya kuubeba. Mpangaji haruhusiwi kuigusa meinswichi. Pengine imefungiwa katika chumba cha mwenye nyumba, au inahudumia vyumba kumi na hana hata mmoja wa kumsikiliza. Akilalamika huambiwa atafute pengine pa kukaa. Huyo ndiye anayelala juu ya sakafu iliyolowa, na mtoto wake ndiye anayegusa soketi. Faida inakwenda kwa mmoja na mauti kwa mwingine. Hapo haki haipo. Uingereza, katika sehemu ya England, iliona kwamba jambo hili haliwezi kuachiwa hiari ya wenye nyumba. Kwa kanuni za mwaka 2020 mwenye nyumba binafsi ya kupangisha alilazimishwa umeme wake ukaguliwe na mtu mwenye ujuzi angalau kila baada ya miaka mitano, na mpangaji apewe nakala ya taarifa. Hapana sababu mpangaji wa Tandale asistahili karatasi kama hiyo.

Wajibu wa mtumishi na wa mwalimu

Sheria ya Umeme ya mwaka 2008 ipo. EWURA hutoa leseni kwa mafundi kwa madaraja yao. Vyuo vya VETA vinafundisha vijana ufundi huu kila mwaka. Nchi haikukosa sheria, haikukosa mamlaka, wala haikukosa mafundi. Inachokosa ni mtu wa kunyanyuka kitini kabla ya mvua. Basi kila mtumishi wa umma mwenye dhamana ya jengo anao wajibu wa namna tano, na hapana hata mmoja unaohitaji tume ya uchunguzi.

Wajibu wa kwanza ni kujua. Kila halmashauri iandike orodha ya majengo yake yaliyowahi kuingiwa na maji, kimo cha maji yale na kimo cha ubao wa umeme. Walinzi na wahudumu wa jengo wanajua maji yalifika wapi kuliko mshauri ye yote wa kulipwa, waulizwe.

Wa pili ni kupandisha. Ubao wo wote uliowahi kufikiwa na maji, au ulio karibu na kimo hicho, uhamishwe juu kabla ya msimu mwingine. Usipakwe rangi ukaitwa mpya.

Wa tatu ni kukata mapema. Katika majengo mengi ya umma ufunguo wa chumba cha umeme uko kwa mtunza stoo, na mtunza stoo yuko likizo. Mahali pa ufunguo pajulikane na watu zaidi ya mmoja, na iwe amri kwamba maji yanapoanza kukaribia kizingiti swichi kuu inazimwa, na ofisi yenye jenereta isiiwashe. Lakini maji yakishaufikia ubao, au mtu akiwa hana budi kusimama majini ili aufikie, asithubutu mtu kuukaribia, hata akiwa hodari namna gani. Shirika la umeme liitwe likate nje, kwenye nguzo. Ushujaa wa kufia kwenye swichi haumfai mtu.

Wa nne ni kutowasha kwa kubahatisha. Jengo lililozama lisirudishiwe umeme mpaka fundi mwenye leseni ameupima uzima wa kihami cha nyaya kwa kile kipimo ambacho mafundi hukiita mega, ameutazama waya wa ardhi na fimbo yake iliyochimbiwa, amebadilisha breka na fyuzi zilizoingiwa na maji, na ameandika na kutia sahihi. Mkubwa anayemshurutisha fundi awashe haraka kwa sababu kuna mgeni wa kupokelewa, naye atie sahihi yake pale pale. Sahihi hiyo itawarudisha wengi katika busara.

Wa tano ni kuweka swichi ya kugundua uvujaji katika kila jengo ambamo watu hulala, husoma au hutibiwa. Kuanzia na mabweni ya shule ni jambo la haki, kwani mtoto wa bweni hakuchagua chumba chake.

Na mwalimu je? Mwalimu ana nafasi ambayo waziri hana. Mbele yake huketi watoto 45 au zaidi kutoka nyumba 45, na kila mmoja ana ubao wa umeme kwao au kwa jirani. Kanuni ya Ohm haikutungwa ili ikaririwe kwa ajili ya mtihani. Mwanafunzi aliyeifahamu hesabu ya miliampea 230 akarudi nyumbani akamweleza baba yake kwa nini fyuzi ya ampea 60 haitamwokoa, amefanya kazi ya elimu kuliko aliyepata alama zote kisha akaanika breka juani. Shule iwe mahali pa kwanza pa kutolea mfano: ubao wake uwe juu, uwe safi, uwe na ufunguo unaojulikana. Mwalimu mkuu hawezi kuhubiri usalama chini ya meinswichi yenye msumari mahali pa fyuzi.

Kuna msemo kwamba asiyeziba ufa atajenga ukuta. Katika jambo hili msemo huo ni mpole mno, maana ukuta hujengwa tena na mtu hajengwi. Masika yana miezi yake, vuli ina miezi yake, na maji yataendelea kupita njia zile zile kwa wakati ule ule. Kila siku ya jua kati ya misimu hiyo ni siku ambayo ubao mmoja ungeweza kupandishwa, na kila siku inayopita bure ina mtu aliyeipitisha, mwenye cheo, meza na kalamu.

Kwa hiyo mvua itakaponyesha tena, na mtu akafa kwa umeme wa ubao uliokwisha kuzama mara mbili, asisimame mtu ye yote kusema kwamba ajali haina kinga. Badala yake aulizwe mwenye jengo maswali matatu mepesi: ubao huu ulizama lini mara ya mwisho, nani aliuwasha tena, na sahihi ya fundi iko wapi? Akikosa majibu, afikishwe mbele ya sheria.